Mume wangu ana miaka 74 na ana presha: tukate bima gani kwa safari ya meli?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 67, na ninaishi hapa Kigoma mjini pamoja na mume wangu ambaye ana miaka 74. Binti yetu mkubwa, anayefanya kazi Ubelgiji, amekusudia kutupeleka mwakani katika safari ya meli ya kitalii kwenye bahari ya Mediterania ili kuadhimisha miaka 45 ya ndoa yetu, naye ameshalipa malipo ya awali ya chumba. Mambo ya tiketi za ndege na viza yanakwenda vizuri. Kilichobaki ni bima ya safari, na jukumu la kuichagua nimeachiwa mimi kwa kuwa ndiye ninayetunza makaratasi ya nyumba na kadi za kliniki. Nimesoma kila hati niliyoletewa, nimewauliza mawakala, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuona kwamba bima inayomtosha kijana huenda isitufae sisi wazee.

Meli itaondoka Barcelona, itatia nanga Marseille, Genoa, Civitavecchia ambayo ndiyo bandari ya kwendea Roma, kisha Palermo, halafu itavuka kwenda La Goulette karibu na Tunis kabla ya kurudi Barcelona. Naomba uikumbuke njia hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya shida yangu imo humo.

Hati ya kwanza imetoka kwa wakala mmoja wa Dar es Salaam. Ni ile ambayo watu huiita bima ya viza, yenye kiwango cha yuro 30,000 kwa matibabu ya dharura, kulazwa hospitali, na kurudishwa nyumbani kwa mgonjwa au maiti, kwa sababu hicho ndicho kiwango cha chini kinachodaiwa na sheria za viza za nchi za Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ada yake ni nafuu na cheti hutolewa siku hiyo hiyo. Mume wangu anaona inatosha, na wakala naye alinijibu kwa simu: "Mama, ubalozi ukiridhika, wasiwasi wa nini tena?" Mimi sikubaliani nao. Ubalozi unataka kuhakikisha kwamba hospitali za kwao hazitaachiwa deni, na hiyo ni haki yao, lakini haujiulizi kama yuro 30,000 zitatosha iwapo mzee atapata kiharusi, alazwe chumba cha wagonjwa mahututi kwa wiki kadhaa, kisha ahitaji ndege yenye kitanda, daktari na oksijeni ya kumrudisha Tanzania.

Zaidi ya hapo, hati hiyo imeandika kwamba eneo la bima ni nchi za Schengen. Hispania, Ufaransa na Italia zimo. Tunisia haimo, na ndiyo maana tumeshauriwa kuomba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, kwani meli ikitoka Tunis tutahesabiwa kuwa tunaingia Schengen upya. Sasa, je, mume wangu akiugua tukiwa Tunis, au usiku tukiwa katikati ya bahari baina ya Palermo na Afrika, bima hiyo itamtambua? Nilipomuuliza wakala swali hili alisema atanipigia, na hadi ninapoandika barua hii hajapiga.

Jambo la pili ni matibabu ndani ya meli yenyewe. Kwa ninavyoelewa, meli hizi zina zahanati yenye daktari na wauguzi wanaoweza kupima moyo, kutundika dripu na kumtuliza mgonjwa, lakini si mahali pa upasuaji mkubwa, na mgonjwa akizidiwa hushushwa bandari inayofuata au huchukuliwa na helikopta ikiwa pwani haiko mbali. Gharama za zahanati huandikwa kwenye akaunti ya chumba, nawe hulipa kabla ya kushuka kama anavyolipa mgeni wa hoteli, kisha ndipo uidai kampuni yako ya bima ukiwa na risiti na ripoti ya daktari. Kadi zetu za Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambazo tunazitegemea sana na tunazishukuru, ni za vituo vya hapa nchini. Sisi tunaishi kwa pensheni. Bima inayosema "lipa kwanza, tutakurudishia" inamfaa mwenye akiba kubwa benki, na kwa maoni yangu mstaafu anapaswa kutafuta ile ambayo kituo chake cha msaada hupokea simu usiku na mchana na kuihakikishia hospitali malipo moja kwa moja. Je, kuna kampuni zinazofanya hivyo hata kwa bili ya zahanati ya meli, au huko lazima abiria alipe mwenyewe kwanza?

Sisi watu wa ziwani tumezoea meli. Tangu ujana tumepanda Liemba kwenda vijiji vya kusini hadi Kasanga, wala hakuna aliyewahi kutuuliza kuhusu bima, kwa hiyo ndugu na majirani wengi wananiona kama ninayetafuta matatizo. Lakini katika Ziwa Tanganyika, mtu akiugua hushushwa kwa watu wanaojua lugha yake na mara nyingi wanaoujua ukoo wake pia. Genoa hatuna mtu.

Hati ya pili ndiyo ninayoielekea zaidi, na ndiyo pia iliyoniletea swali gumu kuliko yote. Inatoka kwa kampuni nyingine ya hapa nchini, ni bima ya dunia nzima, na ina kifungu cha nyongeza cha safari za meli ambacho lazima kiombwe na kulipiwa kando, kwani bila hicho safari ya meli haihesabiwi. Kifungu hicho kinagusa kuhamishwa kutoka baharini kwa dharura, kufungiwa chumbani kwa amri ya daktari wa meli, na kuifuata meli bandari inayofuata iwapo umeikosa. Kwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 70 ada huongezeka maradufu, na kiasi ambacho mteja hujilipia mwenyewe kabla ya kampuni kuanza kulipa kinapanda pia. Hayo nayakubali, maana hata mimi naelewa kwamba mwili wa miaka 74 una hatari zaidi.

Linalonisumbua ni ukurasa wa tatu wa fomu ya maombi, ambapo pameandikwa: "Je, katika miezi 6 iliyopita umebadilishiwa dawa au kipimo cha dawa, umelazwa, au unasubiri majibu ya vipimo?" Chini yake kuna visanduku viwili, ndiyo na hapana. Mume wangu ana presha kwa muda mrefu, nayo imekuwa ikitulia vizuri kwa kidonge cha amlodipine cha miligramu 5. Katika kliniki ya karibuni daktari aliona vipimo vimepanda kidogo, akakata ile 5 kwa wino wa buluu kwenye kadi na kuandika 10 pembeni, akaweka sahihi na tarehe. Mzee yuko imara, anatembea asubuhi hadi Kibirizi na kurudi, na vipimo vyake vimerudi kuwa vizuri. Hata hivyo, kwa lugha ya fomu ile, ugonjwa wake umebadilishiwa kipimo cha dawa, na nimeelezwa kwamba kampuni nyingi huuhesabu ugonjwa wa namna hiyo kuwa haujatulia, hata kama dawa iliongezwa kwa tahadhari tu.

Mtu anayetusaidia kujaza fomu alinishauri niweke alama kwenye "hapana", akasema kila mtu hufanya hivyo na kwamba hakuna atakayekuja Kigoma kufukua kadi ya kliniki. Ushauri huo siutaki, na naomba wasomaji wenzangu wenye wazee nyumbani wasiukubali. Mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli wa mteja kueleza kila jambo analolijua linalohusu hatari inayokatiwa bima, na kampuni ikigundua kwamba jambo zito lilifichwa inaweza kukataa kulipa dai lote. Tena haihitaji kuja Kigoma. Daktari wa Italia atakayempokea mgonjwa atamuuliza anatumia dawa gani, ataandika "amlodipine 10" kwenye ripoti yake, na ripoti hiyo hiyo ndiyo nitakayoiambatanisha na madai. Nitakuwa nimelipa ada kubwa kwa ajili ya karatasi isiyo na kazi siku ile ninapoihitaji.

Kwa hiyo nitaandika "ndiyo". Swali langu ni nini kifuate baada ya hapo. Je, niambatanishe barua ya daktari inayoeleza kwamba presha imetulia tangu kipimo kilipobadilishwa, na je, barua hiyo ina uzito kwa wanaokadiria hatari? Je, ni bora kusubiri hadi miezi 6 itimie tangu siku ya mabadiliko ndipo nikate bima, ingawa katika kusubiri huko safari yenyewe itakuwa haina kinga yoyote ya kuvunjika, na ingawa nimesoma kwamba katika baadhi ya nchi kampuni husamehe kifungu kinachokataa kulipia ugonjwa wa zamani kwa anayekata bima mapema, siku chache tu baada ya malipo ya kwanza ya safari? Au niombe presha iingizwe kwenye bima kwa ada ya ziada, na nidai jambo hilo liandikwe kwa jina la ugonjwa ndani ya hati yenyewe badala ya kuridhika na ahadi ya mdomo?

Binti yetu, kwa upande wake, alifikiri kwamba bima inayokuja na kadi yake ya benki huko Ubelgiji ingetufunika sote. Tulipoisoma pamoja kwa simu tukakuta inamhusu mwenye kadi na watu wanaoishi naye nyumba moja, na ina ukomo wa umri. Nalitaja hili kwa sababu najua wazazi wengi wenye watoto ughaibuni huambiwa "bima nitashughulikia mimi" na hawaulizi tena. Bima nyingi za huko humtaka mkatiwa awe mkazi wa nchi hiyo.

Lipo pia suala la kukata bima moja au mbili. Mimi sijafika miaka 70, hivyo nikikata peke yangu ada yangu ni ndogo. Lakini je, nikiwa na hati tofauti, na mume wangu akalazwa Marseille, bima yangu italipia hoteli yangu ya kumsubiri na tiketi yangu mpya ya kurudi, au itaniambia kwamba mimi si mgonjwa na ya mwenzangu hayanihusu? Vivyo hivyo kwa mama mkwe wangu aliyeko Kasulu, ambaye amevuka miaka 90 na ana kisukari. Akizidiwa kabla hatujaondoka, hatutasafiri, hilo halina mjadala. Je, kufuta safari kwa sababu ya ugonjwa wa mtu asiyesafiri, tena ugonjwa aliokuwa nao tangu zamani, huwa kunalipwa?

Kuhusu kuikosa meli nina neno fupi tu. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, ndege za huku ni chache, na reli ya kati tunaifahamu jinsi inavyokatika kipande cha Kilosa na Gulwe mvua zikizidi. Tumeamua kufika Dar es Salaam siku kadhaa mapema. Ninachotaka kujua ni kama bima ya safari huanza kufanya kazi tunapofunga mlango wetu Kigoma, au ni pale tunapogongewa muhuri wa kutoka nchini.

Na kuhusu kifo, ambacho watoto hawapendi nikitaje, nalitaja kwa sababu ni wajibu wetu. Hati zote mbili zinasema maiti itarudishwa "Tanzania". Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam ni Tanzania, lakini makaburi yetu yako Ujiji, na sipendi watoto wangu waanze kuchangishana fedha za safari hiyo ya mwisho wakiwa kwenye msiba. Je, naweza kuomba hati itaje Kigoma kuwa ndiyo mwisho wa safari ya kurudishwa?

Nafahamu kwamba kampuni na mawakala wa bima hapa nchini husajiliwa na kusimamiwa na TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, na kwamba ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa mteja ambaye dai lake limekataliwa. Hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kupendelea kampuni ya nyumbani kuliko zile za nje zinazouza kwa mtandao kwa bei ya chini. Naomba unieleze kama msimamo huo ni sahihi hata pale ambapo kampuni ya nje inatoa kiwango kikubwa zaidi cha matibabu kwa watu wa umri wetu, na kama kampuni ya nyumbani inapotumia mshirika wa ng'ambo kutoa msaada wa dharura, ni nani hasa nitakayemdai mambo yakiharibika.

Naomba majibu, yako na ya wasomaji waliowahi kuwakatia bima wazazi wao kwa safari za namna hii, yaje kabla binti yetu hajamalizia malipo ya meli, kwa sababu baada ya hapo kila mwezi unaosogea kuelekea siku ya kuondoka unapunguza fedha atakazorudishiwa iwapo tutafuta safari.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Mwanga, Kigoma