Mwanangu, hiyo randa usiiuze

Neema mama, hujambo? Video yako nimeiangalia mpaka bando likakata. Mlio tu umeniambia kitu, inatetemeka trrrr juu ya mninga halafu maranda yanajikunja mdomoni na kuziba, na wewe tayari umeshaanza kuulizia bei ya randa ya umeme. Tulia kwanza. Hiyo ni randa ya mkono ya kampuni ya Stanley, namba 4, umbo lake alilibuni Mmarekani Leonard Bailey na Stanley walinunua haki zake mwaka 1869, mpaka leo watu wanaiga tu, kwahiyo shida sio randa.

Anza na kisu peke yake na lile bati linalokaa mgongoni mwake, vingine vyote usiguse. Vifunge pamoja kama kawaida, viinue dirishani uangalie pale vinapokutana. Ukiona mwanga unapita hata kidogo basi mchawi ni huyo, maranda yanajipenyeza hapo yanasukumana mpaka mdomo unajaa. Chukua bati, weka ncha yake kwenye jiwe la kunolea huku mkia wake umeushusha chini kidogo ya jiwe, ili inayogusa iwe ile ncha ya mbele kabisa, sugua taratibu mpaka mwanga upotee. Na mgongo wa kisu uwe flati pale karibu na makali, usipofanya hivyo bati utalisugua mpaka Krismasi.

Makali noa kwa pembe ya nyuzi 25, kisha mipito michache ya mwisho nyuzi 30, ukirudisha kisu kwenye randa ule mteremko ulionoa uangalie chini. Bati liache nyuma ya makali kama milimita 1, ila kwa mninga wenye nyuzi za kupishana sogeza mpaka nusu milimita, hapo ndo utaona mbao inaacha kung'oka vipande. Ikikataa bado geuza ubao uje na upande wa pili.

Kuhusu ule mtetemo, chini ya kisu kuna skrubu mbili zinazoshika kikalio chake, zikaze kwa bisibisi inayojaa vizuri sio ile ya simu. Skrubu ya kile kifuniko kinachobana kisu nayo usiikaze kama nati za gari, kisu kikibanwa sana kile kigurudumu cha nyuma kinachosogeza kisu hakizunguki, kikilegea ndo trrrr.

Halafu kuna jambo watu wengi hawalijui, kile kigurudumu kina uchezaji, unakizungusha na kisu hakiendi. Kwahiyo ukitaka kupunguza mbao inayoliwa, rudisha kisu ndani zaidi kuliko unavyotaka kisha kitoe mbele taratibu mpaka kianze kula mbao, ukikiacha ulipokirudisha kitajirudia chenyewe katikati ya kazi. Ikila upande mmoja tu, sukuma kile kijiti cha nyuma kidogo sana, jaribu, ikizidi kupinda kipeleke upande mwingine.

Tumbo la randa, ule upande wa chini unaoteleza juu ya mbao, usianze kulisugua na msasa, weka rula tu uone, likiwa limenyooka pale mdomoni na kwenye ncha mbili linatosha. Kutu ipo kidogo? Mafuta ya taa na kitambaa, kisha paka mshumaa, itateleza mwenyewe utacheka.

Jioni nitumie picha ya maranda, ubao sitaki kuuona kwanza. Yakiwa marefu na membamba kaendelee na meza ya watu.

Baba yako