Uanze na belo, waalikwa watafuata

Dar es Salaam,
12 Mei 2025

Mpendwa Zawadi,

Salamu nyingi kutoka Ilala, ambako masika bado hayajatuachia. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba wewe ndiye uliyekabidhiwa kuandika taarifa ya wadau wa mjadala wa mitumba katika Afrika Mashariki. Umeniuliza uanzie wapi, ukaambatisha majina uliyopewa na ofisi yako: wizara, wenye viwanda vya nguo, chama cha waagizaji na wasomi wawili wa chuo kikuu. Sina ubaya na hao, lakini wote ni watu waliozoea kualikwa kwenye semina, na mtu wa namna hiyo huwa na maneno yaliyokwisha kupigwa pasi kabla hujamuuliza chochote.

Kwa hiyo nakushauri kwanza ulifuate belo moja la mitumba tangu linapotoka bandarini. Yupo aliyeliagiza ndani ya kontena zima na kulilipia ushuru. Yupo anayelinunua kwake likiwa bado limefungwa. Yupo anayelifungua alfajiri pale soko la Karume huku watu wakigombea nguo za juu. Yupo machinga anayechukua zilizobaki na kuzitembeza mitaani, na fundi cherehani anayeishi kwa kupunguza viuno na kukata mikono ya mashati yaliyoshonewa miili mikubwa kuliko yetu. Katika taarifa nyingi nilizosoma, watu wote hao wamefungwa katika neno moja, "wafanyabiashara", kana kwamba maslahi yao ni mamoja. Mwagizaji akipandishiwa ushuru huusogeza mbele kwa kupandisha bei ya belo, ilhali yule aliyefungua belo akakuta limejaa nguo chakavu hana wa kumsogezea hasara yake. Ndiyo maana mwagizaji anapokuambia kwamba anawasemea wachuuzi, unapaswa kwenda kuwauliza wachuuzi wenyewe kama walimtuma.

Ushuru wenyewe ufanyie hesabu kwa belo, kwa sababu asilimia haimwambii msomaji kitu. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokutana Arusha mwezi Machi 2016, walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Mwaka huohuo kiwango cha chini cha ushuru wa pamoja kilipandishwa kutoka senti 20 hadi senti 40 za dola kwa kilo, na Rwanda ikaenda peke yake hadi dola 2.50. Belo la kilo 45 lililokuwa likitozwa angalau dola 9 likawa linatozwa angalau dola 18 katika nchi nyingine, na dola 112.50 nchini Rwanda. Muoneshe tarakimu hizo tatu muuzaji yeyote wa sokoni, naye atakueleza athari zake vizuri kuliko mchumi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi yako. Mdau aliyeugeuza mjadala ule hakuwamo katika orodha yoyote iliyoandikwa Dar es Salaam, Kampala au Kigali. Mwezi Machi 2017, chama cha Marekani cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu, kiitwacho SMART, kilipeleka malalamiko kwa ofisi ya mwakilishi wa biashara wa serikali yao, kikidai kwamba hatua za Jumuiya zinahatarisha ajira 40,000 za Wamarekani na kwamba zinakiuka masharti ya AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Malalamiko ya chama ambacho machinga wa Karume hajapata kulisikia jina lake yakatosha kuanzisha mapitio rasmi ya kuona kama Rwanda, Tanzania na Uganda zinastahili kuendelea na nafuu hiyo ya AGOA. Tanzania na Uganda zililegeza msimamo na kubaki na nafuu yao. Rwanda ilikataa, na tarehe 30 Julai 2018 nafuu hiyo ikasimamishwa kwa upande wa nguo zake. Ukiuliza kwa nini Rwanda iliweza kustahimili, sehemu ya jibu ni kwamba nguo ilizokuwa ikiuza Marekani zilikuwa kidogo, hivyo ndani ya nchi hapakuwa na kundi kubwa la kulia.

Kenya ni kisa tofauti, na nakuomba ukipe nafasi ya kutosha. Mtu angetarajia viwanda vya kushona nguo viwe vya kwanza kushangilia mitumba kuzuiwa. Lakini viwanda vya maeneo maalumu ya mauzo ya nje, kama vile vya Athi River, vilishona kwa ajili ya soko la Marekani, na uhai wao ulikuwa ndani ya AGOA. Kwao mitumba ya Gikomba, soko kubwa la Nairobi, haikuwa mshindani, bali mzozo na Washington ndio uliokuwa hatari. Kenya ilijitoa mapema katika mpango ule, na haikuwekwa kwenye mapitio. Ukiandika kwamba "sekta ya viwanda iliunga mkono katazo", utakuwa umeficha mgawanyiko unaoeleza karibu kila kitu.

Mkulima wa pamba wa Simiyu na Shinyanga hutajwa katika kila hotuba kama mtu atakayenufaika, lakini sijaona taarifa iliyomhoji kwa urefu. Sehemu kubwa ya pamba yetu, ikishachambuliwa mbegu, husafirishwa nje ikiwa haijasokotwa hata uzi, kwa hiyo bei anayoijali mkulima ni ile ya kituo cha kununulia msimu huu, wala si mtu wa Kariakoo anavaa nini. Muulize, na umwache aseme mwenyewe.

Kuna na mwingine, mkimya kuliko wote: mwagizaji wa nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia. Nafasi ikiachwa wazi na mitumba, yeye ndiye aliye tayari kuijaza kesho asubuhi, wakati kiwanda cha ndani bado kinahangaika na umeme na vipuri. Huyu haandamani wala hatoi matamko, na sina hakika kama atakubali kuzungumza nawe. Akikataa, andika kwamba aliombwa akakataa, kwa kuwa anayenufaika bila kusema neno ni sehemu ya habari.

Kuhusu takwimu, kila tarakimu iandikwe pamoja na mwenyewe. Zile ajira 40,000 ni madai ya SMART kuhusu Marekani, na zitajwe hivyo. Hali kadhalika utafiti uliotolewa Kenya mwaka 2021 na IEA, taasisi ya utafiti wa uchumi, kwa kushirikiana na chama cha wafanyabiashara wa mitumba: una mambo mengi ya maana, nami nimeutumia, lakini msomaji wako ana haki ya kujua ulifanywa pamoja na nani. Vilevile wapimwe wenye viwanda wanapotaja ajira ambazo zingepatikana endapo soko lingefungwa. Jedwali la kawaida lenye safu ya "wanaounga mkono" na safu ya "wanaopinga" mimi ningeliacha kabisa. Badala yake, eleza kwa kila kundi linapoteza nini, linaweza kumfikia nani serikalini, na gharama zake analipa nani. Fundi cherehani anaweza kupoteza kila kitu na asimfikie yeyote zaidi ya mwenyekiti wa mtaa.

Wachuuzi usiwaandike majina kamili, maana wengi hawana eneo rasmi na kuhamishwa ni jambo la siku moja. Nenda Karume kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu baada ya hapo hakuna mwenye muda nawe. Rasimu ikiwa tayari nitumie, hasa ile sehemu ya waagizaji wa nguo mpya, ambayo nahisi ofisi yako itataka uifupishe. Nitakusaidia kuitafutia ushahidi zaidi ili isifupishike.

Wako,
Neema