Kwa nini kishikio chetu cha bafuni si bei ya reli ya taulo

Lalamiko hili haliishi: "Kishikio nimekiona Kariakoo kwa nusu ya bei yenu, mnanikamua." Safari hii amelitoa mwenye kituo cha utengamao (cha kuwarudishia wagonjwa uwezo wa mwili) tuliyemwandalia makadirio ya vyumba vya wagonjwa, na limetuuma, kwa sababu alichokiona dukani ni reli ya kuanikia taulo.

Mgonjwa wa kiharusi anayenyanyuka chooni huutegemeza mwili wote kwenye mkono mmoja, na akiteleza huvuta kwa ghafla. Viwango vya Marekani, ambavyo ndivyo tunavyovifuata, vinataka kishikio kihimili karibu kilo 113. Bomba lenyewe ni gharama ndogo. Kazi iko ukutani. Tofali za matundu hazishiki boliti, kwa hiyo sehemu hiyo tunaijaza zege kabla ya plasta. Ukuta ukiwa wa gipsamu, tunatanguliza mbao ngumu kwa ndani. Halafu tunakaa na mtaalamu wa fiziotherapia atuonyeshe vishikio vikae wapi, maana huyu amepooza kushoto, yule kulia, na choo chenye kishikio upande mmoja kinamtupa mwingine. Siku ya kukabidhi, fundi wetu mzito kuliko wote hukining'inia mbele ya mteja.

Kuna kituo kilichoona hayo yote ni mbwembwe. Fundi wa mtaani akatoboa marumaru, akafunga reli kwa plagi za plastiki. Tuliitwa ilipong'oka na kipande cha ukuta, mgonjwa akiwa ameishika. Ashukuriwe muuguzi aliyemdaka. Ikabidi kubandua na kujenga upya, na kwa kuwa marumaru za aina ile zilikuwa zimekwisha madukani, bafu zima likabadilishwa. Gharama ikapita makadirio yetu ya mwanzo.

Na hizo marumaru! Wengi wanataka zing'aazo, za hotelini. Zikilowa zinaangusha. Hata zikiwa kavu, mwanga wa dirishani huzifanya zionekane zimemwagikiwa maji, na anayejifunza kutembea upya husita katikati ya hatua. Wapo wanaotandika vipande vya zulia juu yake wakidhani wameokoa fedha. Magongo na miguu inayoburuta hunasa kwenye kingo. Nunueni zenye mkwaruzo tangu mwanzo, rangi yake iachane na ya ukuta, ili mwenye macho hafifu aone sakafu inapoishia.

Kwenye vipimo hatupatani bei. Mlango uwe na uwazi wa sentimita 80 kwa uchache, 90 ni bora. Bafuni ibaki nafasi ya sentimita 150 ya kugeuzia kiti mwendo. Rampu, yaani njia ya mteremko ya kiti mwendo, ikipanda sentimita 1, iende 12 kwa urefu.

Fedha zikiwa haba, anzeni na bafu na vyoo. Rangi na mapazia vitasubiri. Na tuiteni kabla ya plasta, wakati kuimarisha ukuta bado ni suala la mifuko michache ya saruji.