Vijana wanaojitolea Ujerumani waandaliwe

Mhariri,

Tangu 2011 Ujerumani ina mpango wa taifa wa kujitolea, na baadhi ya vijana wetu huenda huko kusaidia watu wazima wenye ulemavu wa akili. Mimi nilikaa mwaka mzima kwenye nyumba ya watu wanane. Mzee mmoja alitumia dakika 20 kufunga vifungo vya shati. Siku ya kwanza nikamfungia. Akavifungua vyote, akaanza upya. Tangu hapo nikawa nangoja.

Naomba wanaowapeleka vijana wawafundishe Kijerumani cha kutosha kabla ya safari. Mtu anayeongea kwa shida anahitaji msaidizi anayemwelewa. Na wakirudi watumike huku kwetu, ambako wenzetu wengi wenye ulemavu huo bado wanafichwa ndani.

Msomaji wako,
Moshi