Bei ya katalogi si bei ya mwenye kuuza

Mheshimiwa Mhariri,

Tangu gazeti lako lichapishe makala kuhusu stempu za zamani, ambazo hapa Lubumbashi tunaziita tembre, pamoja na bei zake kutoka katalogi, yaani kitabu cha orodha ya stempu na bei zake, nimepokea nyumbani wageni wanne, kila mmoja na bahasha yake kwapani, wote wakiwa na swali moja: katalogi imesema euro kadhaa, je, mzee utatoa ngapi? Nimekusanya stempu kwa zaidi ya miaka thelathini, na sioni kwamba mwandishi wako alikosea kunakili tarakimu. Alichosahau ni kueleza kuwa tarakimu hizo ni bei ya nani.

Kampuni ya Stanley Gibbons ya Uingereza, iliyotoa orodha yake ya kwanza ya bei mwaka 1865, hueleza waziwazi ndani ya katalogi yake kwamba bei zilizomo ni makadirio ya bei ambayo yenyewe ingeuzia. Hiyo ni bei ya mwenye duka, anayelipa kodi na wafanyakazi na kumdhaminia mteja kuwa mali ni halisi. Anayepeleka stempu za marehemu baba yake hasimami upande huo wa meza. Tena hata stempu ya kawaida kabisa huandikiwa bei ndogo, kwa kuwa kuitafuta na kuitia kwenye bahasha ni kazi yenye gharama. Ukichukua bei hiyo ndogo ukaizidisha kwa stempu mia tano za maua ya Kongo ya Ubelgiji, utapata jumla ya kupendeza, lakini hutapata mnunuzi.

Halafu kuna hali ya stempu yenyewe. Katalogi ya Kifaransa ya Yvert et Tellier hutofautisha stempu mpya yenye nyota mbili, ambayo gundi yake haijaguswa, na yenye nyota moja, iliyowahi kubandikwa kwenye albamu, na tofauti ya bei kati ya hizo mbili inaweza kuwa kubwa mno. Mgeni wangu mmoja alileta stempu zilizobandikwa daftarini kwa uji wa unga wa muhogo. Niliposhika moja na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha, niliona mgongo wake umekonda na meno mawili ya pembeni yamekatika. Hiyo haina nyota hata moja.

Wamarekani wameipita njia hii kwa kadi za wachezaji wa besiboli. James Beckett, mtaalamu wa takwimu, alikusanya bei zilizokuwa zikilipwa kweli, akatoa kitabu cha bei mwaka 1979, na kuanzia 1984 jarida la kila mwezi. Kazi yake ilikuwa ya uangalifu, ila wengi waliisoma kama daftari la benki, wakajaza masanduku ya kadi za mwishoni mwa miaka ya 1980, ambazo viwanda vilizichapa kwa wingi kupita kiasi na ambazo nyingi leo hazina thamani ya kutajika. Ni kweli kwamba kadi ya Mickey Mantle ya mwaka 1952 iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022, lakini ile ilikuwa karibu kamilifu. Kadi hiyo hiyo ikiwa imekunjika pembe hupata sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Kilichonifanya nishike kalamu, hata hivyo, ni mama mmoja wa Katuba, hapa mjini. Mume wake alimwachia barua za mwaka 1961, zenye stempu za Kongo ya Ubelgiji zilizopigwa chapa ya neno KATANGA, jimbo letu lililokuwa limejitenga wakati huo, pamoja na mihuri ya posta ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Kwa kuwa makala ilitaja bei za stempu peke yake, kijana wake alizitia bahasha kwenye beseni la maji, akazibandua stempu, akatupa karatasi. Wakusanyaji wengi hupendelea bahasha nzima yenye muhuri unaosomeka, kwa kuwa chapa ile ya KATANGA imeghushiwa mara nyingi, na muhuri wenye tarehe husaidia kuithibitisha. Imesalia bahasha moja tu, iliyokuwa imejificha ndani ya Biblia.

Naomba basi uchapishe tena zile bei, safari hii ukieleza ni za hali gani na ni za muuzaji, na uwaambie wasomaji wasiloweke kitu chochote kabla hakijaonwa na anayekijua.

Wako katika heshima,
Mkusanyaji wa stempu, Lubumbashi