Paka anayetapika apimwe matapishi pia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie paka wanaotapika, jambo ambalo sisi wakazi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, tumelizoea mno hata hatuulizi chanzo chake: tunasema amemeza manyoya, au amekula samaki aliyeoza. Yote mawili hutokea, lakini kutapika kunakojirudia wiki baada ya wiki huweza pia kuletwa na minyoo inayoishi katika mfuko wa chakula wenyewe, si katika utumbo.

Paka wangu alitapika kwa miezi miwili. Nilimpa dawa ya minyoo ya dukani, kisha kinyesi chake kikapimwa katika kituo kimoja cha mifugo na nikaambiwa kuwa ni safi. Daktari wa pili aliniagiza nimpelekee matapishi, agizo lililonichekesha mpaka aliponionyesha mabuu kwenye hadubini. Mnyoo huo, olulanasi, urefu wake haupiti milimita 1 hivi. Huzaa mabuu badala ya kutaga mayai, na mabuu hayo hutoka kwa matapishi, yakamwingia paka mwingine anayeyalamba. Ndiyo maana kipimo cha kinyesi kwa kawaida hakiuoni, na ndiyo maana unaenea upesi pale paka wengi wanapolishwa pamoja, kama ilivyo vichochoroni mwetu.

Upo mwingine, fizaloptera, ambao ni mkubwa wa kuonekana kwa macho na hujishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa chakula. Mayai yake hutoka kwa kinyesi, ila ni mazito, hivyo hayaelei vizuri katika kipimo cha kawaida, ambacho hutafuta mayai yanayoelea juu ya kimiminika, na ni rahisi kupitwa. Paka huupata kwa kula mende au nyenje, au mjusi aliyekula wadudu hao, na nani kati yetu hajamsifu paka wake kwa kukamata mende?

Nawaomba wenye maduka ya dawa za mifugo wasiuze kidonge kabla ya kuuliza uzito wa paka na muda ambao amekuwa akitapika. Vituo vya mifugo navyo vipokee matapishi kama vinavyopokea kinyesi. Nasi tunaowalisha paka barazani tuyafute matapishi mara tunapoyaona, kabla paka wa jirani hajayafikia.

Msomaji wako,
Mji Mkongwe, Zanzibar