Herufi Q na ardhi ya wakfu

Tanga

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe pamoja na jamaa wote hapo nyumbani. Sisi huku ni wazima. Barua yako niliipata zamani kidogo, na nimechelewa kuijibu kwa sababu ulichoniuliza hakijibiki kwa mstari mmoja. Umeniambia kwamba umeanza kucheza Scrabble ya Kiingereza, ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa kete saba zenye herufi na pointi, na wenzako wa kazini, kwamba Kiingereza unakimudu vizuri, na bado kila ukipata Q, X au rundo la irabu unabaki kuzikodolea macho kete zako mpaka zamu inakupita.

Mimi naona tatizo letu ni sikio. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo mtu wetu akishika herufi saba huanza kuzitamka kimoyomoyo, akiziunganisha mbili mbili na kungoja neno lijitokeze lenyewe. Kiingereza hakitafutwi hivyo. Neno "rhythm" halina hata moja ya zile irabu tano tulizofundishwa shuleni, na "knight" lina herufi tatu zisizotamkwa kabisa. Maneno haya hutafutwa kwa jicho. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 ilhali Kifaransa hakukizungumza. Alikuwa amekariri maneno ya kamusi kwa sura zake tu, nasi tunaojua Kiingereza tunashindwa na kete saba!

Zoezi linalonisaidia ni kuzipanga kete kwa mfuatano wa alfabeti kabla ya kuwaza neno lolote. Ukipata A, E, G, I, N, R na T, usikimbilie kutamka. Kwanza tenga I, N na G upande wa kulia, kwa kuwa ndizo zinazomalizia vitenzi vingi vya Kiingereza, kisha tazama zilizosalia: utaona "tearing". Zichanganye tena, na humo humo mna "granite", yaani ule mwamba mgumu, na "ingrate", mtu asiye na shukrani. Ukizishusha kete zote saba kwa mkupuo mmoja unaongezewa pointi 50, na hapo ndipo michezo mingi huamuliwa. Baada ya muda jicho huzoea mpangilio huo wa alfabeti, na ukiuona tu neno linakujia.

Sasa nije kwenye Q, ambayo imenitia aibu mwenyewe. Jumapili moja nilikuwa na W, A, Q, F na R mkononi kwa wakati mmoja. Kwa kuwa nilikuwa nimeshikilia imani kwamba Q haiendi popote bila U, nilitumia F, A na R kuandika "far", nikapata pointi chache na kujiona mjanja. Q ikabaki. Kila zamu nilingoja U, na mwenzangu alikuwa amekwisha kutumia tatu kati ya zile nne zilizomo katika mfuko wa kete. Mwishoni nilikuwa mbele kwa pointi 7, yeye akamaliza kete zake, na kwa kanuni nikapunguziwa pointi 10 za Q, naye akaongezewa hizo hizo 10. Nikafungwa kwa pointi 13.

Alipokuwa anakusanya kete aliniuliza kwa nini sikuandika "waqf". Nilinyamaza. Msikiti wa mtaani kwetu umejengwa katika ardhi ya wakfu, na neno hilo nimelisikia tangu sijajua kusoma!

Tangu siku hiyo nimeipitia kamusi ya Collins, ambayo ndiyo inayotumika katika mashindano ya huku kwetu, na nimegundua kwamba maneno mengi yenye Q isiyofuatwa na U ni jamaa zetu wa karibu. Kiingereza kiliyachukua kutoka Kiarabu na kuiandika ile herufi yao iitwayo qaf kwa Q, nasi tuliyachukua kutoka huko huko tukaifanya K. Kwa hiyo kadhi ni "qadi", fakiri ni "faqir", talaka ni "talaq", kibla ni "qibla", na soko letu, ambalo hakuna anayelishangaa, ni "suq". Mirungi nayo ipo, "qat". Ila usije ukaibadilisha kila K uionayo, maana kitabu na katibu asili yake ni herufi nyingine ya Kiarabu, kafu, si qaf, na ukithubutu kuyaandika kwa Q utapingwa na kupoteza zamu. Zaidi ya hayo likariri "qi", nguvu ya uhai kwa Wachina, kwa sababu linahitaji I moja tu iliyo wazi ubaoni.

Kuhusu X sina mengi: "ax", "ex", "ox" na "xi" zinatosha kukuokoa. Irabu zikikuzidi, "audio" na "adieu" hubeba nne kila moja.

Usishangae kwamba K, ambayo kwetu ni ya kila siku, humo ina kete moja tu yenye pointi 5. Alfred Butts, yule Mmarekani aliyeubuni mchezo huu miaka ya 1930, alizihesabu herufi katika magazeti ya Kiingereza, kwa hiyo E ikapewa kete 12 na Z moja ya pointi 10. Kwa hesabu hiyo "kanzu", ambayo Collins inaikubali, inakupa pointi 18 kabla hata ya kugusa mraba wa ubaoni unaozidisha pointi. "Uhuru" ina pointi 8 tu, lakini inakuondolea U tatu kwa mkupuo.

Nitakuja huko mwezi ujao na ubao wangu nitaubeba. Kabla ya hapo, chukua zile herufi saba nilizokuandikia juu, toa G uweke S, unitafutie maneno matatu. "Retinas" usilihesabu, hilo ni rahisi mno.

Ni mimi rafikiyo,
wa Tanga